Kumfungua Paul Msewe

(Hotuba kwa wanafunzi, wazazi na wapenzi wa sinema, iliyotolewa jioni moja Wete, Pemba)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mliokaa mbele, walimu wenzangu, wanangu wa skuli, na nyinyi mliosimama madirishani kwa kukosa viti, nakuamkieni nyote.

Wiki mbili nyuma nilikuwa nimekaa barazani pa skuli nasahihisha madaftari. Nyuma ya ukuta nikasikia vijana wa kidato cha tatu wanagombana, sauti zinapanda. Nikadhani ni mpira. Nilipotega sikio nikasikia mmoja anasema, "Huyo hawezi kuwa Stilgar, anacheka sana." Mwenzake akamjibu, "Stilgar naye hucheka, wewe hujafika hapo." Nikabaki nimeshika kalamu. Walikuwa wanagawa nafasi za filamu. Kitabu ni "Dune" cha Frank Herbert, nakala moja iliyobanduka jalada, inazunguka baina ya mikoba minane. Na waigizaji waliokuwa wakiwateua ni watu wa Wete hii hii: nahodha wa jahazi, mwalimu wa chuoni, mama anayekaanga mihogo njia ya bandarini. Kila jina likitajwa, aliyelitaja anatakiwa alete ushahidi wa kitabuni, ukurasa na maneno. Kengele ikalia, hawakuisikia. Mimi niliisikia, na sikuwafukuza.

Vijana wale walikuwa wanasoma. Walikuwa wanasoma vizuri kuliko nilivyopata kuwasomesha mimi, na hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Kwa wazee ambao hawajakutana na hadithi hii, nitaieleza kwa ufupi. Miaka elfu nyingi mbele yetu, wanaadamu wametawanyika katika sayari. Kuna sayari moja kavu, Arrakis, jangwa tupu, na humo peke yake hupatikana kiungo ambacho dola zima haliwezi kuishi bila yake. Bila ya kiungo hicho vyombo haviwezi kuongozwa baina ya nyota. Ukoo wa Atreides unatumwa kuitawala Arrakis, ukoo wa Harkonnen ulioitawala kabla unarudi usiku kuunyang'anya, na kijana wa miaka 15, Paul, anakimbilia jangwani na mama yake, Jessica. Huko anapokewa na watu wa nchi, Fremen, pamoja na Stilgar, mmoja wa viongozi wao, ambao wanaona ndani yake yule waliyekuwa wakimngoja. Kitabu kilitoka mwaka 1965 baada ya kukataliwa na wachapishaji zaidi ya 20, na aliyekikubali mwisho, Chilton, alikuwa akijulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari.

Mzee wa Pemba akisikia habari hii haulizi jangwa liko wapi. Anauliza kiungo chenyewe kinanukia vipi. Herbert ameandika: kinanukia mdalasini.

Mchezo huu wa kugawa nafasi si mgeni kwetu. Pale Sokomuhogo, Mji Mkongwe, kuna baraza inaitwa Jaws, kwa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975. Watu wanakunywa kahawa, wanacheza dhumna na bao, wanabishana siasa chini ya papa. Filamu ilipita ikenda zake, watu wakalichukua jina wakalitia mtaani kwao. Na nyinyi wazee mliokuwa mkitoka Majestic, Vuga, usiku, mnajua kwamba picha ilikuwa haishi pale mlangoni. Njia nzima mlikuwa mkiitengeneza upya: stelingi asingekwenda peke yake, adui angepewa mtu mwenye macho makali zaidi, yule mama asingekufa. Kila mmoja alifika kwake na picha yake. Wajukuu zenu wanafanya lile lile, ila wao wameanza kabla ya picha, kutoka kitabuni, na huko kazi ni ngumu zaidi kwa sababu uso hujapewa. Inakubidi uutafute.

Sasa nataka nikueleze habari ya filamu moja isiyopigwa hata siku moja.

Katikati ya miaka ya 1970 muongozaji mzaliwa wa Chile, Alejandro Jodorowsky, alitaka kuitengeneza "Dune". Sikilizeni aliowataka. Mfalme wa dola lote awe Salvador Dalí, mchoraji wa Hispania, ambaye alitaka alipwe kuliko mwigizaji yeyote duniani. Baron Harkonnen, yule bwana mnene mwenye tamaa isiyoshiba, awe Orson Welles. Kwa simulizi ya Jodorowsky mwenyewe, Welles alikubali alipoahidiwa kwamba mpishi wa mkahawa anaoupenda Paris ataajiriwa ampikie kila siku ya kazi. Feyd-Rautha, mpwa wa Baron, awe Mick Jagger. Duke Leto, baba yake Paul, awe David Carradine. Paul awe Brontis, mtoto wake Jodorowsky, ambaye alianza kufunzwa mapigano akiwa bado mdogo. Muziki, Pink Floyd. Mchoraji Moebius aliichora hadithi picha kwa picha tangu mwanzo hadi mwisho, na H. R. Giger wa Uswisi akachora dunia ya Harkonnen. Michoro ikafungwa kitabu kikubwa, kikapelekwa kwa makampuni ya Marekani. Fedha hazikupatikana.

Lakini wale watu aliowakusanya hawakuyayuka. Dan O'Bannon, aliyeitwa kushughulikia mambo ya ufundi wa picha, baadaye akaandika "Alien" iliyotoka mwaka 1979, na jinamizi la filamu ile likachorwa na huyo huyo Giger. Mwaka 2013 ikatengenezwa filamu nzima kuisimulia filamu ambayo haikutengenezwa. Kwa hiyo mtu asikwambieni kwamba kuwaza sinema ni kupoteza wakati. Sinema iliyowazwa kwa bidii huzaa hata ikiwa haikupigwa.

Na bado nina neno na Jodorowsky. Mwenyewe alikiri kwamba alipoichagua hadithi hii alikuwa hajaisoma. Rafiki yake ndiye aliyemsifia. Namheshimu kwa ndoto yake, lakini vijana nyuma ya ukuta wangemwambia atoe ukurasa.

David Lynch ndiye wa kwanza aliyeikamilisha, mwaka 1984, Paul akiwa Kyle MacLachlan. Filamu ilibanwa ikawa ya saa mbili na kidogo, na neno la mwisho la kukata halikuwa lake. Iliporefushwa kwa ajili ya televisheni bila ya ridhaa yake, alikataa jina lake lisiwekwe. Likawekwa Alan Smithee, jina la kubuni ambalo waongozaji wa Marekani walikuwa wakilitumia kwa kazi waliyoikana. Miaka mingi baadaye mashabiki wenyewe wakazichukua nakala zote, na vipande vilivyokuwa vimetupwa, wakakaa usiku kwa usiku wakaishona filamu upya. Hakuna aliyewalipa. Walikuwa wanamrudishia mtu kazi yake.

Jambo moja walilonionyesha vijana, ambalo mimi nilikuwa silijui kuliona. Feyd-Rautha, yule kijana mzuri mwenye kisu, kila akitakiwa kwa filamu ya sinema anakwenda kwa mtu wa muziki. Jodorowsky alimtaka Jagger. Lynch akampa Sting. Na Denis Villeneuve, aliyeitengeneza "Dune" upya kwa sehemu, katika sehemu ya pili iliyotoka mwaka 2024, akampa Austin Butler, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemwigiza Elvis Presley. Kwa nini? Msichana mmoja alijibu kwamba Feyd anapigana mbele ya watu. Uwanja umejaa, yeye anajua anatazamwa, na anaua kwa mpango wa mtu anayetaka makofi. Mwimbaji anayajua macho ya watu. Basi akasema, kwetu Feyd apewe mwimbaji wa taarabu, tena wa mipasho, aingie uwanjani na mafumbo mdomoni kabla ya kisu mkononi. Mimi nimesomesha fasihi miaka mingi. Jibu kama lile sikulipata katika mtihani hata mmoja.

Huku ndiko kusoma ninakokusema. Ukiuliza "nani angefaa?", unalazimika kwanza kuuliza "huyu ni mtu wa namna gani?", na zaidi ya hapo, "kitu gani kwake kikiondoka, hayupo tena?"

Mfano ni Liet-Kynes. Kitabuni ni mwanamume, mtaalamu wa mazingira ya sayari, na ni baba yake Chani, msichana wa Fremen ambaye Paul anampenda. Katika filamu ya Villeneuve ya mwaka 2021 nafasi ile alipewa mwanamke mweusi wa Uingereza, Sharon Duncan-Brewster. Wako mashabiki waliokasirika. Darasani tuliigombania siku mbili. Tulichokubaliana mwisho ni kwamba Kynes ni mtu wa damu mbili: baba alikuja kutoka mbali na elimu yake, mama ni wa jangwani. Anakula mshahara wa Mfalme, na moyo wake uko kwa watu wanaomwita Liet. Hicho ndicho kisichoondoka, na yule mama alikibeba chote machoni. Mtu wa namna hiyo hapa visiwani huhitaji kumtafuta. Kila ukoo unaye: nusu wa huku, nusu wa ng'ambo, afisa asubuhi, na jioni yuko shambani na mjomba wake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Herbert aliwapa Fremen maneno, na maneno mengi aliyachukua katika Kiarabu. Nyuma ya kitabu ameweka faharasa. Siku ya kwanza niliyoifungua nilihisi nimeingia nyumba ya watu nikakuta vyombo vya mama yangu. Kuna "naib", kiongozi wa Fremen aliyeapa kutokamatwa hai na adui. Sisi tuna naibu kila ofisi. Kuna "baraka" na kuna "karama". Kuna "ghanima", kitu kilichotekwa vitani, na ndilo jina la binti yake Paul. Kuna "ghafla", na Herbert anaifasiri kuwa ni mtu wa kubadilikabadilika, anayechukuliwa na upuuzi, asiyeaminika. Mwanafunzi akaniambia, "Mwalimu, amekosea, ghafla ni mara moja." Nikamwambia angalia kughafilika. Akanyamaza, kisha akatabasamu, na nikajua kuwa neno lake mwenyewe limemfungukia mpaka ndani.

Jina la siri analopewa Paul ni Usul, msingi wa nguzo. Sisi tunasema usuli. Jina la hadharani ni Muad'Dib, panya wa jangwani ambaye Fremen humwita mfunzi wa watoto. Mzizi wake ni ule ule wa adabu. Na wanamwita Lisan al-Gaib, ulimi wa ghaibu. Mtoto wa Wete anayehifadhi juzuu kwa ghaibu, na aliyewahi kusimama safuni kusali sala ya ghaibu, haambiwi neno hilo lina uzito gani.

Sidai kwamba Herbert alituandikia sisi. Alikuwa Mmarekani, mawazo yake yalianzia kwenye matuta ya mchanga ya Oregon alipokwenda kuyaandikia makala, na kitabu amekitunuku kwa wataalamu wa mazingira ya nchi kavu. Maneno aliyachota kwa Waarabu, kama sisi tulivyoyapokea kwa Waarabu, karne nyingi kabla yake. Ninachosema ni kwamba anayekisoma kwa Kiswahili anasikia kitu ambacho msomaji wa London hakisikii. Kwake ni sauti ya ugeni. Kwetu ni sauti ya jikoni na msikitini.

Kisha unaangalia filamu. Villeneuve alipiga Wadi Rum, Jordan, akapiga na jangwa la Abu Dhabi. Ardhi ni ya Waarabu. Mavazi yana harufu ya huko. Neno jihadi, ambalo limejaa kitabuni, filamu ya 2021 imelikwepa, ikasema vita vitakatifu. Lugha ya Fremen ikaundwa upya na mtaalamu, David J. Peterson. Stilgar ni Javier Bardem, Mhispania, na ni mwigizaji mkubwa, sina neno naye. Katika sehemu ya pili yumo Souheila Yacoub, mwenye asili ya Tunisia, na kila akitokea najikuta nimesogea mbele kitini. Lakini nafasi kubwa za filamu ya kwanza, watu ambao maneno haya ni ya mama zao utawatafuta.

Niseme kwa nini linaniuma. Nilipokuwa kijana, Mji Mkongwe, walikuja watu kupiga filamu. Walitaka wapita njia. Tukapanga foleni tangu alfajiri. Nilipewa kikapu, nikaambiwa nipite kichochoroni kutoka kushoto kwenda kulia, nisitazame kamera. Nilipita mara kumi na moja. Mara ya tano nilikuwa nimeshamtungia yule mtu wa kikapu jina, na mke, na deni alilokuwa anakwenda kulipa, na nikaanza kutembea kama mwenye deni. Mtu mmoja akanijia akaniambia nitembee kawaida. Filamu ilipotoka niliitafuta hata nikaipata. Kilichoonekana ni kikapu.

Tangu siku hiyo sijamkataza mtoto kumtungia jina mtu wa kikapu.

Basi tuitazame filamu ya vijana hawa, kwa sababu wameifikia mbali kuliko nilivyotarajia, na nyinyi wazazi mnastahiki kujua madaftari yanakwisha kwa nini.

Nyumba ya Harkonnen itapigwa Pujini. Mnaijua ngome ya Mkama Ndume, boma la udongo na mawe la karne ya 15. Mnaijua na simulizi yake, kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa makalio. Mnakijua kile kisima kinachosimuliwa kuwa kiligawiwa ili wake zake wawili wasionane. Hakuna Baron aliyewahi kuandikwa Marekani ambaye angeona haya kukaa Pujini. Mwanafunzi aliyeipendekeza sehemu hii ameandika kwamba kamera isimwonyeshe Baron kwanza. Ionyeshe mawe.

Babu yake Paul, kitabuni, aliuawa na fahali uwanjani, na kichwa cha yule fahali kimetundikwa ukutani kwenye chumba cha kulia, damu ikiwa bado pembeni mwa pembe. Nilipowasomea ukurasa ule darasa zima liligeuka kumtazama kijana wa Chwale, ambaye babu yake ni mtu wa mchezo wa ng'ombe. Alisimama akasema kwamba kwetu ng'ombe hauawi, hurudi zizini, na kwa hivyo kichwa ukutani hakitafaa. Nyumba ya Atreides ya Pemba itakuwa na ng'ombe mzima uani, yule yule aliyemuua babu, anapewa majani kila asubuhi na mjukuu. Tazameni hilo limefanya nini. Ukoo ule ule, kiburi kile kile, lakini sasa kuna kijana anayemlisha muuaji wa babu yake kwa mkono. Sijui kama Herbert angekubali. Mimi nimekubali.

Mama Mkuu wa Bene Gesserit, wale wanawake wenye elimu ya siri, Gaius Helen Mohiam, yule anayekuja kumtia Paul mtihanini, hapakuwa na ubishi. Wasichana wote walisema Bi Kidude. Nikawaambia Bi Kidude, Mungu amrehemu, alifariki mwaka 2013. Wakaniambia, "Mwalimu, hii ni filamu ya kichwani, humo watu hawafi." Na wana haki. Bene Gesserit wana ujuzi wanaouita Sauti: mtu akisema kwa namna ile, mwili wako unatii kabla ya akili. Waongozaji wote wameihangaikia Sauti hii kwa mitambo, wanaikoroga, wanaishusha, wanaipa mwangwi. Fatuma binti Baraka hakuhitaji mtambo. Alikuwa kungwi, aliwafunda wasichana unyagoni, siri za wanawake zilikuwa mikononi mwake na ngoma mapajani mwake. Bene Gesserit ni nini kama si udugu wa makungwi? Wanawake wanaopokezana elimu isiyoandikwa, wanaopima nani yuko tayari na nani bado. Katika filamu zote zilizotengenezwa sijaona Mama Mkuu ambaye ninaamini kwamba anaimba akiwa peke yake. Bi Kidude ninaamini.

Nimeuliza pia habari ya jangwa. Pemba ni kijani, mvua inatupiga masika na vuli, na mchanga wa Vumawimbi ni mzuri lakini haukutoshi kumpotezea mtu. Vijana wakaligeuza jangwa likawa bahari. Nikapinga: hadithi yote ni kiu, na bahari ni maji. Ndipo mtoto wa nahodha aliponijibu kwamba hakuna anayeijua kiu kama baharia. Amezungukwa na maji asiyoweza kuyanywa, pipa liko chini ya ulinzi, kila mtu anapimiwa kikombe, na anayemwaga anachukiwa safari nzima. Fremen wanalia kwa uchoyo, wanasema kutoa chozi ni kumpa maiti maji. Akasema babu yake hulihesabu pipa kabla ya kulihesabu shehena. Basi jangwa letu ni mkondo wa Pemba, na Shai-Hulud, yule mnyoo mkubwa wa mchangani ambaye Fremen humpanda, anatoka chini ya maji usiku, wakati wa bamvua.

Na sasa msewe. Fremen hutembea bila ya mdundo, hatua ndefu, fupi, wanaburura, wanasita, kwa sababu mnyama husikia mdundo akaja. Sisi Pemba tuna ngoma ambayo mdundo wake tunaufunga miguuni. Katika filamu hii, Paul akifika bandarini anapokewa kwa heshima zote na anafungwa msewe kama mgeni aliyetukuka, anachezeshwa, anashangiliwa. Baadaye, usiku wa kukimbia, Chani anapiga magoti mbele yake na kumfungua msewe mmoja baada ya mwengine, polepole, akizishika mbegu zisilie. Ukurasa mzima wa daftari, hakuna neno linalosemwa. Nikimsoma kijana aliyeandika vile, nasikia namna kitabu kilivyomwingia mpaka mifupani.

Lakini nani awe Paul?

Hapa ndipo ugomvi ulipokuwa mkubwa. Wavulana sita walijiteua. Kila mmoja alijiona juu ya Shai-Hulud, upepo usoni. Nikawauliza swali moja: Paul alizaliwa Arrakis? Hapana. Alikulia Caladan, sayari nyingine. Alikuja kwa vyombo, na baba yake, na askari wake, kwa amri ya Mfalme, kwa ajili ya kiungo.

Wakanyamaza, maana historia wanaisoma. Mkarafuu haukuota hapa wenyewe. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa vya Wafaransa. Sayyid Said akahamisha makao yake kutoka Maskati akaja Unguja, mashamba yakapandwa, na walioyalima wengi wao walikuwa watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba jina. Bibi zenu wameketi juani wakichambua makonyo, vidole vikanuka karafuu mpaka Idi, na hali bei ikipangwa mbali na jamvi. Katika hadithi ya kiungo, sisi tuna nafasi zote: waliokuja, walioletwa, waliokuwapo. Mtu akisema "mimi ni Paul", aseme anajua anasema nini. Herbert mwenyewe alieleza kuwa alikusudia kutahadharisha juu ya viongozi wanaofuatwa bila ya kuulizwa, na katika kitabu cha pili, cha mwaka 1969, vita vilivyopiganwa kwa jina la Paul vimeshaua watu bilioni 61.

Msichana mmoja, mdogo kuliko wote, alinyoosha mkono. Akasema Paul apewe mgeni. Aletwe mtu wa nje, mzuri, mwenye tabia njema, tumpende kwa dhati, na kamera isimfuate yeye. Ikae na Chani. Akatukumbusha kwamba filamu ya mwaka 2024 ilianza kwenda njia hiyo: kitabuni Chani anabaki upande wa Paul mpaka mwisho, lakini kwenye filamu anakataa kupiga magoti, anatoka, na picha ya mwisho kabisa ni uso wake jangwani. "Wao wameishia kwake," akasema. "Sisi tuanzie kwake." Sita wale hawakuwa na jibu. Mmoja amekubali kuwa mpiga msewe.

Nimemaliza ya kwangu. Vijana wameandaa tukio moja tu, la mtihani wa Paul, wamelitafsiri wenyewe. Humo Mama Mkuu anamwambia kijana atie mkono ndani ya sanduku la maumivu, na sindano ya sumu iko shingoni mwake. Akiutoa mkono, anakufa. Sanduku wametengenezewa na fundi wa mtaani. Sindano ni ya kushonea makawa, tumeifunga kitambaa nchani. Na kwa kuwa Bi Kidude hatunaye, bibi mmoja wa mtaa huu, aliyewafunda mama za nusu ya mliomo humu, amekubali kukaa kitini badala yake. Hakutaka kusoma karatasi. Kasema aelezwe mara moja tu kijana anaogopa nini.

Zimeni feni, tafadhali, inavuma. Bibi, karibu kitini. Na wewe mwanangu, sogea, tia mkono.